Jibu kwa dada aliyeuliza: tiba ya masimulizi ni nini, na Dodoma naipata wapi?

Dada, pole na hali. Tiba hii ni ya mazungumzo na mshauri, mkiitazama upya hadithi ya maisha yako. Ilianzishwa miaka ya 1980 na Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand. Msingi wake ni kwamba wewe si tatizo. Tatizo ni kitu cha pembeni kinachokusumbua.

Mfano, ukisema "mimi mwoga tangu utotoni", mshauri hakubishii. Atauliza: huo woga ulikuingilia lini? Unakunyima nini? Halafu: siku ile ulipompandishia sauti dalali wa zabibu pale Majengo, woga ulikuwa wapi? Hapo unakumbuka visa ulivyovisahau, na hadithi yako inaanza kubadilika. Washauri wengine hata humwandikia mtu barua baada ya kikao. Mimi hapo ndipo waliponipata.

Usitafute kibao chenye jina hilo, utazunguka mji mzima bure. Ulizia mwanasaikolojia katika hospitali ya Mirembe, ile ya afya ya akili, au hospitali ya Benjamin Mkapa, kisha muulize mwenyewe: umesomea tiba ya masimulizi? Unaitumiaje? Akijibu kwa kuzungukazunguka, mshukuru uendelee kutafuta. Wengi huichanganya na njia nyingine, hilo halina shida. Ukikosa hapa, wapo wanaohudumia kwa simu.

Na Mirembe usiiogope kwa sababu ya utani wa vijiweni. Kama hulali siku kadhaa, unasikia sauti au unawaza kujidhuru, nenda huko leo, hadithi zitasubiri.