Hajawahi kula nguruwe, tegu amefikaje ubongoni?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 24 ameanguka kifafa mara tatu tangu mwaka jana, ingawa utotoni hakupata degedege na katika ukoo wetu hakuna mwenye ugonjwa huu. Hospitali walimpiga picha ya CT, wakaona kidoa cheupe kwenye ubongo, wakasema ni tegu wa nguruwe. Yeye nguruwe hajawahi kumla, na majirani wanasema amerogwa. Inawezekanaje?
Mama, Mbulu

JIBU: Marahaba, Mama, na pole sana. Maelezo ya hospitali yanaingia akilini. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu hupata mnyoo mkubwa utumboni. Kifafa huletwa na mayai yanayotoka katika kinyesi cha mtu huyo, ambayo humfikia yeyote kwa maji, mboga mbichi au mikono isiyonawiwa. Yakimezwa, viluwiluwi hutoboa utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye misuli, macho na ubongo.

Humo kiluwiluwi hujijengea kifuko, mara nyingi kisichozidi punje ya hindi, akaishi miaka kadhaa bila dalili kwa kuwa anajua kujificha dhidi ya kinga ya mwili. Balaa huanza anapokufa. Kinga huyavamia mabaki, ubongo huvimba mahali hapo, na mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Utafiti kwa wanyama wa maabara umeonyesha kwamba protini ya damu inayovuja hudhoofisha seli zinazofyonza glutamati iliyozidi, ile kemikali inayochochea seli za neva, ambazo kemikali nyingine iitwayo GABA huzituliza. Uchochezi ukishinda utulizaji, seli nyingi hufyatuka kwa pamoja, naye mtu huanguka. Kidoa cheupe kwa kawaida ni kifuko kilichokufa na kugeuka chokaa, lakini tishu zinazokizunguka huweza kuendelea kuchokozeka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tegu huyu anahusika na takriban asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi ambako nguruwe huzurura karibu na watu. Hakuna aliyemroga mwanao.

Nakusihi, asinunuliwe dawa za minyoo dukani: zikiua vifuko vilivyo hai bila dawa ya kupunguza uvimbe, kifafa huweza kuzidi. Dawa za kifafa asiziache bila daktari wake kuagiza, na wote wa nyumbani mpimwe choo, kwani mwenye mnyoo mara nyingi hajijui.