Wasomaji Wauliza: Kuisikiliza Jazi ya Marekani kwa Masikio Yaliyo Wazi

Maswali ya safari hii yanahusu jazi ya Marekani na watu walioijenga. Tumechagua matano.

Swali: Nimeanza kusikiliza rekodi za jazi za miaka ya 1920. Mbona karibu kila wimbo unaishia dakika ya tatu, na ngoma hazisikiki? Au bendi za wakati ule hazikuwa na wapiga ngoma wazuri?

Jibu: Wapiga ngoma walikuwapo, tena hodari. Uliowaficha ni mtambo. Kabla ya mwaka 1925 wanamuziki hawakurekodiwa kwa maikrofoni. Walijipanga mbele ya pembe kubwa, mtikisiko wa sauti ukaisukuma sindano, nayo ikachora mfereji kwenye sahani ya nta. Pigo zito la ngoma liliweza kuirusha sindano nje ya njia yake, na sahani ikawa ya kutupwa. Ndiyo maana King Oliver alipoipeleka bendi yake kurekodi mjini Richmond, Indiana, mwaka 1923, mpiga ngoma Baby Dodds anasikika zaidi akigonga vipande vya mbao. Kwa hiyo usimhukumu mpiga ngoma yeyote wa kipindi hicho kwa rekodi hizo.

Dakika tatu ndicho kipimo cha santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika. Ya inchi 12 iliongeza dakika moja hivi. Ukumbini, watu wakicheza, wimbo huohuo uliweza kurefushwa kadiri bendi ilivyotaka. Wakubwa wa enzi hizo walijifunza kusema mengi ndani ya nafasi ndogo: katika "West End Blues" ya Juni 1928, Louis Armstrong anaanza na tarumbeta peke yake kwa sekunde kumi na kitu tu, na katika muda huo anaonyesha kwamba mpigaji mmoja anaweza kuwa kitovu cha muziki wote. Duke Ellington, alipotaka urefu zaidi mwaka 1935, ilibidi "Reminiscing in Tempo" igawanywe kwenye pande nne za santuri. Kizuizi hicho kililegea mwaka 1948, kampuni ya Columbia ilipotoa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika iliyobeba dakika 20 na zaidi kila upande.

Kama unazo santuri zenyewe za 78, usizipige kwa sindano ya santuri ndefu, yaani zile za mizunguko 33⅓. Mfereji wa 78 ni mpana, unahitaji sindano yenye ncha ya takriban sehemu 3 kati ya elfu za inchi. Ile ya sehemu 1 kati ya elfu au pungufu inazama hadi chini kwenye uchafu, inakwaruza, na sauti inajaa mikwaruzo. Pia, santuri nyingi za zamani hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Ukilinganisha na piano ukakuta wimbo uko juu kwa nusu toni, jua mashine yako inakimbia kwa karibu asilimia 6 zaidi ya inavyotakiwa.

Swali: Mimi hupiga gitaa. Solo ya jazi ikianza tu, napotea. Wapigaji wenyewe wanajuaje walipo?

Jibu: Wanahesabu, ingawa baada ya miaka hesabu inahamia mwilini. Chini ya solo kuna duru ya kodi za muziki (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayojirudia, yenye idadi maalumu ya baa, na kila baa ina mapigo manne. Anza na bluzi ya baa 12. Kwenye ufunguo wa C, umbo lake la msingi ni baa nne za C, mbili za F, mbili za C, moja ya G, moja ya F, kisha mbili za C.

Acha kumfuata mpiga solo. Mfuate mpiga besi. Hesabu kwa sauti, ukiweka namba ya baa mahali pa pigo la kwanza: *moja*-mbili-tatu-nne, *mbili*-mbili-tatu-nne, *tatu*-mbili-tatu-nne, hadi kumi na mbili. Sikio lako lione mabadiliko mawili tu mwanzoni: baa ya 5, kodi inapohama nyumbani, na baa ya 9, inapofikia kilele. "West End Blues" niliyoitaja juu inafaa sana kwa zoezi hili kwa sababu ni bluzi ya mwendo wa polepole. Anza kuhesabu bendi nzima inapoingia. Ukipiga makofi, piga kwenye pigo la pili na la nne. Anayepiga la kwanza na la tatu huupa wimbo mwendo wa gwaride, na swingi, ule mbembeo wa jazi, inapotea.

Ukishaizoea hiyo, nenda kwenye duru ya baa 32: sehemu A ya baa 8, A tena, daraja (sehemu ya kati iliyo tofauti) la baa 8, kisha A ya mwisho. "So What" ya Miles Davis, ya mwaka 1959, ina umbo hilo kwa uwazi wa ajabu. Baa 16 za kwanza ziko kwenye D, 8 zinapanda nusu toni hadi E-bemoli, 8 zinarudi D. Inaonekana rahisi, na hapo ndipo wengi wanapoangukia: A ya mwisho inaungana na A mbili za duru inayofuata, kwa hiyo unakaa kwenye D baa 24 mfululizo bila alama yoyote ya kodi. Msikilize mpiga ngoma. Mara nyingi huweka pigo dogo la ziada kila baa 8 zinapotimia, na pigo hilo ndilo linalokuambia ulipo.

Swali: Nikipiga tarumbeta pamoja na "So What" kwenye santuri ya zamani ya baba, sauti hazikubaliani. Kosa ni langu?

Jibu: Si lako. Siku wimbo huo uliporekodiwa, Machi 2, 1959, mashine kuu ya utepe ilizunguka polepole kidogo kuliko kawaida. Utepe ulipochezwa kwa mwendo sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikapanda kidogo. Tafuta toleo la 1992 au la baadaye, lililosahihishwa.

Swali: Kwa nini nyimbo nyingi za Charlie Parker zinafanana na nyimbo za zamani? Huo si wizi?

Jibu: Hapana. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hulinda tuni, wala hailindi mfululizo wa kodi. Parker na wenzake wa bibopu, mtindo wa jazi wa miaka ya 1940, walichukua kodi za nyimbo zinazojulikana, wakaandika tuni mpya juu yake, na mirabaha ya tuni hiyo ikawa yao. "Ko-Ko" ya Novemba 1945 imekaa juu ya kodi za "Cherokee", wimbo wa baa 64. Katika jaribio la kwanza studioni bendi ilianza kuingia kwenye tuni ya "Cherokee" yenyewe, ikasimamishwa. Kilichotolewa hakina tuni hiyo hata kidogo.

Swali: Mchoraji Jacob Lawrence anatajwa pamoja na wanamuziki hawa. Picha zake 60 za uhamaji zinahusianaje nao, na aliwezaje kuzifanya zifanane rangi?

Jibu: Zinasimulia safari ya Wamarekani Weusi kutoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini, safari ileile iliyompeleka Armstrong Chicago mwaka 1922. Bila uhamaji huo, jazi ya Chicago na Harlem isingekuwa kama tunavyoijua.

Kuhusu rangi, Lawrence hakumaliza picha moja ndipo aanze nyingine. Alizitandaza mbao zote, kila moja ya inchi 12 kwa 18, akapaka rangi moja kwenye kila ubao uliohitaji, kisha akachukua inayofuata, akitoka kwenye nyeusi kuelekea rangi nyepesi. Alitumia tempera ya kazeini, rangi iliyochanganywa na protini ya maziwa, ambayo hukauka upesi. Ukichanganya rangi upya wiki ijayo ni vigumu kuipata ileile. Alimaliza mwaka 1941, akiwa na miaka 23. Leo zenye namba witiri ziko Phillips Collection, Washington, na zenye namba shufwa ziko Museum of Modern Art, New York, hivyo anayezitembelea katika mji mmoja huona nusu tu ya kisa.