Kabla hujahama, tarehe kwanza

*Shangazi, niliolewa na Mjerumani Agosti 2022, ndoa ya serikali pale Mombasa. Nilimfuata huku Hannover Februari 2023 na Oktoba tukapata binti. Sasa ni Novemba 2025 na mapenzi yamekwisha. Anataka nihame kabla ya mwaka mpya. Tulijenga nyumba Mtwapa baada ya kuoana, pesa zake, hati ina jina langu, na imepangishwa. Kaka yangu ananihimiza nimwandikishe yeye hiyo nyumba, nimchukue mtoto turudi, maana mahakama ya Ujerumani haifiki Mtwapa. Nifanyeje?*

Mwanangu, pole sana. Kaka yako ana uchungu na wewe, lakini yote mawili anayokushauri yatakuumiza.

Nianze na mtoto. Wazazi waliooana wana haki sawa ya malezi. Kumhamishia mtoto Kenya bila idhini ya baba ni kosa la jinai Ujerumani, kifungu cha 235 cha sheria ya makosa ya jinai. Kenya haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto waliochukuliwa, na kwa sababu hiyo baba akiwa na hofu anaweza kumwendea hakimu mapema kabisa kuomba mtoto azuiwe mpakani. Hata ukienda likizo tu, beba idhini yake ya maandishi yenye tarehe ya kwenda na ya kurudi.

Sasa nyumba. Ni kweli hakimu wa Hannover hatagawa ploti ya Mtwapa. Atakachofanya ni kuhesabu thamani yake. Kama hamkuandikiana mkataba wa mali, na makao yenu ya kwanza ya pamoja baada ya ndoa yalikuwa Ujerumani, mnafuata sheria ya Zugewinn: kila mmoja anapima mali yake imeongezeka kiasi gani tangu siku ya harusi hadi siku ombi la talaka lilipomfikia mwenzake. Aliyeongeza zaidi humlipa mwenziwe nusu ya tofauti.

Chukulia nyumba ina thamani ya euro 50,000 na huna deni. Mume, kwa akiba na mkopo aliolipa, ameongeza 20,000. Tofauti ni 30,000, nusu yake 15,000, na mdaiwa ni wewe. Najua inauma kusikia hivyo, ndiyo maana nakwambia leo, usije ukashtukizwa kortini. Ukimwandikishia kaka yako nyumba ili isihesabiwe, thamani yake inarudishwa kwenye hesabu yako kana kwamba bado unayo. Utadaiwa kwa nyumba ambayo huna tena. Na Kenya nako, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuhamishwa bila idhini ya mwenzako wakati ndoa ingali hai.

Mumeo naye asikutishe na "pesa zangu". Sheria hiyohiyo ya Kenya inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya mtoto kuwa mchango. Tena, kwa Ibara ya 65 ya Katiba, mgeni hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya kuikodi kwa miaka 99, kwa hiyo atakachokitaka hasa ni fedha. Ukiuza ili umlipe, KRA itadai asilimia 15 ya faida. Uhamisho baina ya wanandoa ndani ya makubaliano ya talaka haukatwi kodi hiyo, lakini mauzo kwa mtu wa nje hukatwa. Mimi ningeibakisha nyumba. Mpe kazi mthamini aliyesajiliwa akupe bei ya kweli ya soko, mdai mume taarifa ya mali yake yote kwa maandishi (ni haki yako tangu siku ya kutengana), kisha mwombe akubali kulipwa tofauti kwa awamu. Makubaliano ya aina hiyo kabla ya talaka lazima yafanywe mbele ya notari. Karatasi mliyosaini mezani jikoni haina nguvu.

Pango nalo usilifiche. Wewe si mkaazi wa Kenya tena, basi ile kodi ya asilimia 7.5 ya wakaazi si yako. Yako ni asilimia 30 ya pango lote, hukatwa na mpangaji au wakala kabla pesa hazijakufikia. Litaje pia kwenye taarifa yako ya kodi ya Ujerumani. Kwenye hesabu za matunzo litaonekana tu.

Sasa hiyo tarehe ya kuhama. Kibali chako cha kuishi Ujerumani kinasimama juu ya ndoa. Mkiishi pamoja Ujerumani miaka mitatu kamili, unapata kibali chako mwenyewe, na wewe utaitimiza Februari 2026. Lakini usivumilie mateso kwa ajili ya hiyo miezi mitatu: kama kuna kipigo au vitisho, ondoka leo, sheria ina nafasi ya kupunguza muda huo. Na binti yako ni Mjerumani kwa baba yake. Mzazi anayemlea mtoto Mjerumani ana njia yake ya kibali. Omba miadi Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, sasa hivi, uende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Kwa upande wa kodi, mkitengana Desemba, tangu tarehe 1 Januari daraja la kodi ya mshahara III lake (lenye makato madogo) na V lako (lenye makato makubwa) yanakoma. Mkiishi pamoja hata siku chache za Januari kwa kweli, mnaweza kutozwa kodi pamoja kwa mwaka mzima wa 2026. Yeye mwenye daraja III ndiye atakayepoteza zaidi kwa haraka yake, na hilo mwambie kwa utulivu. Wewe ukikaa peke yako na mtoto utaingia daraja II, lenye nafuu ya euro 4,260 kwa mwaka. Ila tarehe haipangwi kwenye fomu. Ni siku mlipoacha kuishi kama mume na mke, hata chini ya paa moja. Ukiandikia Finanzamt, ofisi ya kodi, kwamba mlitengana Januari, Ausländerbehörde kwamba ni Machi na mahakama kwamba ni Desemba, watakuuliza, na hapo kibali ndicho kinachoingia hatarini. Siku ikifika, mwandikie mume barua fupi yenye tarehe, ubaki na nakala. Mwaka mmoja wa kutengana unahesabiwa kutoka hapo, na talaka huja baada yake. Michango ya pensheni ya miaka ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu na mahakama yenyewe.

Kama kipato chako ni kidogo, pitia Amtsgericht, mahakama ya mwanzo, uombe Beratungsschein, hati ya ushauri wa kisheria. Ukiwa nayo, wakili wa familia atakushauri kwa euro 15. Kindergeld, posho ya mtoto ya serikali, iliyokuwa euro 255 kwa mwezi mwaka 2025, humwendea mzazi anayeishi na mtoto, basi badilisha akaunti mapema. Baba asipotoa matunzo ya mtoto, Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto, hutanguliza malipo.

Jambo moja watu hulisaini bila kusoma. Akianza kukulipa matunzo yako wewe, atakuletea karatasi iitwayo Anlage U ili apunguze hadi euro 13,805 kwenye kodi yake kwa mwaka. Ukisaini, pesa hizo zinakuwa kipato chako na utatozwa wewe. Saini baada ya yeye kuahidi kwa maandishi kwamba kila senti ya kodi itakayokuangukia ataifidia, na hiyo barua iweke pamoja na pasipoti yako.