Wino ni mmoja, weusi hautofautiani bure

SWALI: Nimeona chapa ya Jean-Honoré Fragonard, mchoraji Mfaransa, ya mwaka 1763, yaani picha iliyopigwa karatasini kwa bamba la shaba lenye wino. Nimfa, binti wa misituni katika hadithi za Wagiriki, amempanda mgongoni satiri, yule kiumbe wa hadithi hizohizo mwenye miguu ya mbuzi. Mistari mingine ni myembamba kama unywele, mingine imekolea weusi. Alitumia wino wa aina mbili, au alikandamiza zaidi sindano?

JIBU: Wino ni mmoja, na nguvu za mkono hazina kazi kubwa hapa.

Bamba la shaba hupakwa kwanza tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na ulimbo na lami. Mchoraji huchora kwa sindano juu ya tabaka hilo, akilikwangua tu mpaka shaba ionekane. Anayechimba ni asidi. Bamba likitumbukizwa, asidi hula palipo wazi. Kadiri inavyokaa ndivyo mfereji unavyozidi kwenda chini na kupanuka, hivyo kubeba wino mwingi zaidi. Ukitaka mistari fulani ibaki hafifu, unalitoa bamba mapema, unaliosha, unaiziba mistari hiyo kwa vanishi, kisha unalirudisha ili mingine iendelee kuliwa. Sindano nene nayo huongeza weusi, na mistari iliyosongamana pia. (Siku ya joto asidi hula haraka, aliyezoea kazi hii hatoki kando ya beseni.)

Mimi huwapenda mno satiri hawa, na sababu ni hiyohiyo sindano. Fragonard alitengeneza picha nne za namna hii, kila moja ya takriban sentimita 14 kwa 21, baada ya kurudi kutoka Italia. Anayechonga shaba kwa patasi husukuma chuma, na kila mpindo humgharimu. Sindano kwenye nta huteleza kama kalamu, ndiyo maana manyoya ya mapajani na majani yanayozunguka viumbe hao yamejaa mikwaruzo iliyochangamka, isiyo na utaratibu. Viumbe wa ulevi na ngoma wanahitaji mstari wa aina hiyo.

Kama una shaka iwapo chapa uliyo nayo ni ya asidi, chukua kioo cha kukuzia utazame mwisho wa mstari. Wa asidi huishia butu, unene wake karibu uleule. Wa patasi huchongoka polepole mpaka ukatoweka.