Moshi wa barazani unaishia chumbani

Kwa miaka 13 nilijiona mvutaji mwenye adabu. Ndani ya nyumba sikuwasha sigara hata siku moja. Nilivutia barazani, hapa kwetu Majengo, baada ya isha, kahawa mkononi na wenzangu wawili watatu kando. Nikiamini moshi ukishakuwa nje umekwenda zake.

Lakini juu ya baraza pana dirisha, na nyuma ya dirisha hulala binti yangu, mwenye pumu. Usiku mmoja mamake aliniita. Nikamkuta mtoto ameketi kitandani, mabega yapanda na kushuka, kifua chalia kama filimbi. Tukakimbilia hospitali kwa tuktuk. Daktari akauliza nani anavuta nyumbani. Nikajibu upesi, "Mimi, lakini navutia nje."

Akaniuliza, "Nje wapi?"

Nilikosa jibu. Nyumba zetu zimebanana, ukuta kwa ukuta. Moshi wangu ulikuwa ukiingia kwangu, kwa jirani aliyejifungua juzi, na kwa bibi wa ghorofani. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wenyewe. Mtoto anayevuta moshi wa wakubwa hupatwa zaidi na pumu, nimonia na maradhi ya masikio. Kwa hivyo hili si la mvutaji peke yake, ni la mtaa mzima.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, na inakataza kuuza sigara moja moja; paketi isipungue sigara 10. Nenda duka lolote la mtaani uone: kibiriti kimefungwa kamba dirishani, paketi iko wazi. Mimi naamini hapo ndipo tunaponaswa. Anayenunua moja moja hahesabu. Mimi ningekuapia navuta nne kwa siku. Nikaanza kutia njiti ya kibiriti mfukoni kwa kila sigara, na wiki ile hapakuwa na siku iliyopungua tisa. Ndugu yangu, anza na njiti. Usiache bado, hesabu kwanza.

Na usiniambie huwezi. Kama wewe hufunga Ramadhani, unakaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kuvuta, na kazini unakwenda. Mimi nilianzia hapo: magharibi nikafungua kwa tende na maji, sigara nikaisogeza hadi isha, kisha hadi baada ya tarawehe, kisha nikaiacha. Siku za mwanzo ni ngumu kwelikweli. Nilikuwa mkali, usingizi haupatikani. Ila ile hamu ikikushika hudumu dakika chache tu. Inuka, tembea, tafuna tangawizi. Kahawa niliihamishia asubuhi, maana kikombe cha usiku kilikuwa kikiita sigara. Nilirudia mara moja, harusini, nikaanza upya kesho yake. Ukielemewa, piga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari ya maradhi ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Mapafu ya mwanangu hayakungoja mwaka.

Mwenzangu mmoja bado anavuta. Sikumgombeza, nilimwonyesha dirisha tu. Siku hizi akitaka kuwasha huinuka mwenyewe, akavuka hadi kule uwanjani kwenye mwarubaini, na dirisha letu hulala wazi.