Zumu au praimu? Maswali yenu ya lenzi

Shikamoo kaka. Napiga harusi na sendofu hapa Dodoma, nina Canon ya kropu (yenye sensa ndogo) na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Mchana picha ziko poa, ukumbini usiku zinatoka na chenga na watu wakicheza wanatoka kama moshi. Nimedunduliza hela ya lenzi moja tu. Wengine wananiambia chukua fifti (lenzi ya milimita 50) ya f/1.8, wengine wanasema hiyo haivuti, utahangaika, subiri upate zumu kubwa. Nifanyeje? – Msomaji, Nkuhungu

Marahaba mdogo wangu. Chukua fifti, na hiyo 18-55 usiiuze. Sasa nikueleze kwa nini, maana hili swali naletewa sana na wengi wanajibiwa kishabiki tu, zumu (lenzi za kuvuta) ni za wavivu, praimu (lenzi za urefu mmoja zisizovuta, kama fifti) ni za maprofesheno, maneno hayo hayakusaidii chochote ukumbini saa nne usiku.

Shida yako kubwa ni mwanga. Hiyo 18-55 imeandikwa f/3.5-5.6, namba ya f ikiwa ndogo ndo lenzi inafunguka zaidi, maana yake ukiwa kwenye 18 inafunguka mpaka 3.5, lakini ukivuta kufika 50 au 55 inabana mpaka 5.6. Na wewe uso wa bibi harusi unaupiga ukiwa umevuta, kwa hiyo kila unapotaka uso ndo unapiga na lenzi ikiwa giza kuliko wakati wote. Fifti ya f/1.8 pale pale kwenye 50 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Chukulia ulikuwa unapiga kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/20 ya sekunde, mtu anacheza singeli unategemea nini, lazima awe moshi, ukiweka fifti na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ile ile unapata kama 1/200 na mtu anaganda. Au unabaki na shata ya katikati unashusha ISO, chenga zinapungua. Ile staibilaiza ya kwenye lenzi yako inatuliza mkono wako tu, haimtulizi anayecheza, hapo wengi wanajidanganya.

Najua utasema nina flashi. Sawa, ila angalia kumbi zetu, siku hizi dari lote limefunikwa vitambaa, zambarau, dhahabu, mara buluu, ukigeuza flashi juu mwanga unarudi na rangi ya kitambaa na ngozi ya bibi harusi inakuwa ya ajabu, halafu fundi wa mapambo ameweka taa nzuri kabisa ambazo flashi inaziua. Lenzi inayofunguka inakuruhusu kutumia taa zilizopo.

Sasa wanaosema utahangaika nao hawajakosea. Kamera yako ni kropu, Canon inazidisha 1.6, kwa hiyo 50 inaona kama 80 ya kamera yenye sensa kubwa. Mtu aliyesimama, kamera umeilaza, kumpata kichwa mpaka viatu unahitaji kurudi nyuma karibu mita 6. Ukoo wa bwana harusi uliojipanga mstari wa mita 5 unataka urudi mita 11 na ushee, na nyuma yako kuna meza, MC, mtu wa video na mama mmoja amebeba zawadi. Haiwezekani. Ndo maana nimesema 18-55 usiuze, picha za makundi zote piga na hiyo kwenye 24 hivi na flashi, watu wametulia, haina noma. Fifti ni ya nyuso, pete, machozi ya mama mzazi, ndafu inapoingia na kamati inacheza mbele yake. Ukiwa na watu wawili usipige f/1.8, mmoja akiwa nyuma kidogo anatoka nje ya fokasi, bana mpaka 2.8 au 4. Watu wanasahau kwamba praimu nayo inabana.

Kabla hujalipa fanya hivi. Vuta lenzi yako mpaka 50, ifunge ringi na kipande cha selotepu isizunguke, halafu piga shughuli ya nyumbani, kipaimara, bethdei ya mtoto wa jirani, chochote ambacho hujalipwa. Ukiona unagonga ukuta kila saa basi fifti sio yako, angalia 24 ya f/2.8, ile nyembamba kama chapati, haili mwanga kama fifti lakini unaweza kuishi nayo sebuleni Makole. Wenye Nikon kropu mna 35 ya f/1.8, kwangu hiyo ndo saizi tamu kuliko zote. Njia nyingine, fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta uangalie maelezo ya faili, imeandikwa ulipiga milimita ngapi. Picha ulizozipenda zikiwa nyingi ziko 45 mpaka 55 jibu umeshalipata.

Hiyo zumu kubwa unayoambiwa usubiri inategemea ni ipi. Kama ni 17-50 ya f/2.8, Sigma au Tamron, hiyo naiheshimu sana, inakaa 2.8 mwanzo mpaka mwisho, ukiwa 50 inakupa mwanga mara 4 ya hiyo yako na huhitaji kubadili lenzi katikati ya kukata keki. Iwe ndo lengo lako la pili, na harusi zenyewe zitailipa. Ila kama ni zile 18-200 au 18-300 za kuvuta kila kitu, nakuomba usitupe hela yako huko, ukumbini ni giza kama hiyo uliyonayo au zaidi.

Na vumbi. Hapa kwetu kiangazi upepo ukianza we mwenyewe unajua, zumu inampa mtu sababu ya haki kabisa, hufungui kamera hovyo. Ukiwa na fifti utabadilisha, kwa hiyo zima kamera, ingia ndani ya gari au chumba, bodi iangalie chini, lenzi mpya iwe tayari mkononi kifuniko kimeshalegezwa. Usipulize sensa kwa mdomo, mate yanaganda pale, tafuta pampu ya mkono.

Ukinunua yuzdi kutoka Dar au Tanga washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, unyevu wa pwani huo, irudishe hata kama bei inakutamanisha.

Mi nasoma UDOM, napiga mahafali na matukio ya wageni rasmi, tunazuiwa kusogea jukwaani. Niko na fifti tu, watu wanatoka wadogo. Nikate picha au ninunue lenzi? – Mwanafunzi, Dodoma

Nunua zumu ya kuvuta. Praimu inataka miguu, na wewe umewekewa kamba. Kwa matukio ya nje mchana 55-250 ya f/4-5.6 inatosha kabisa, jua la Dodoma halina ubahili. Kukata picha kidogo sio dhambi lakini ukikata mpaka kichwa kijaze fremu unabaki na picha ya kutuma Whatsapp tu, mhitimu akitaka kuitundika ukutani utaona aibu. Ndani ya ukumbi usiku hiyo lenzi itakuangusha, hapo ni 70-200 ya f/2.8, ambayo ni ghali kweli, kaazime au kodi kwa siku hiyo.

Kaka habari. Tunaenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya mapangoni. Nibebe praimu au zumu? – Msomaji, Kisasa

Nzuri. Umenifurahisha, watu wengi wa Dodoma mjini hawajafika huko na ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Beba zumu pana, 18-55 inafaa sana, maana michoro iko chini ya miamba iliyochomoza na mara nyingine pa kusimama ni padogo, ukirudi nyuma ni mteremko. Hapa huhitaji f/1.8, mchoro hauchezi, weka traipodi ndogo, f/8, ISO 100, shata iende nusu sekunde hata sekunde nzima, tumia taima ya sekunde 2 usitikise. Flashi acha kwenye begi, ukiipiga usoni mwa mwamba jiwe linang'aa na rangi nyekundu inapauka. Na tafadhali sana, usiguse na usimwagie maji ili rangi ionekane, hata kama mwenzako kakushauri, ile rangi ikitoka hairudi.

Nimenunua fifti ya Nikon yuzdi, nimeweka kwenye D3400 haishiki fokasi yenyewe. Nimeuziwa mbovu? – Msomaji, Kongwa

Huenda ni nzima kabisa. Soma maandishi kwenye lenzi, kama imeandikwa AF bila S, na 1.8D, hiyo haina mota ndani, inategemea mota ya kamera, na D3400 haina. Utafokasi kwa mkono, kile kidoti cha kijani kwenye vyufainda (pale unapochungulia) kitakuonyesha ikikaa sawa. Kama muuzaji bado anapatikana mbadilishane uchukue AF-S 1.8G, na uijaribu kwenye kamera yako hapo hapo kabla hujaondoka.