Maswali na majibu: Hiyo wiki ya hotelini si kiwanja

Barua za safari hii karibu zote ni za taimushea, yaani haki ya kukaa hotelini wiki fulani kila mwaka, zile wiki za likizo ambazo ndugu zetu waliuziwa wakiwa ughaibuni na sasa wanataka kuziuza.

*Nina wiki moja kila mwaka hotelini Cancún, Meksiko, niliinunua nikiishi Marekani. Kuna mtu amenipigia, anasema mnunuzi yupo tayari kwa dola 28,000, ila nitangulize dola 1,850 za kodi ya uhamisho. Nitume? Mama wa Nyamanoro*

Usitume, mama. Hata senti. Swali hili nimeshalijibu hapa mara tatu, na kila mara linarudi kwa mtu ambaye tayari ameshika simu kutuma pesa.

Mtazame dalali wetu wa viwanja kule Buswelu. Anazunguka juani na wateja, halafu kamisheni yake anaipata siku pesa inapohesabiwa mezani. Huyu wa simu anataka kula kabla mteja hajaonekana. Mwambie akate hizo 1,850 kwenye hizo 28,000, kisha sikiliza atakavyobadilika sauti.

Jirani yangu wa Pasiansi alinionyesha stakabadhi tatu za benki, amezibana kwa pini moja: ya kwanza kodi, ya pili bima, ya tatu faini ya kuchelewesha ile ya pili. Mnunuzi hajawahi kumwona. Halafu akapigiwa na "wakili" wa kumrudishia pesa zake, naye akitaka ada kwanza. Ni watu walewale.

Na pesa hizo zinakokwenda ni kubaya. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za eneo la Puerto Vallarta, Meksiko, kwa utapeli huu huu, ikisema unalinufaisha genge la dawa za kulevya la Jalisco. Julai 2024 ikatoa tahadhari pamoja na FBI. Kama unashangaa walilijuaje jina lako na hoteli yako, tahadhari hiyo ilieleza kwamba wapo watumishi wa hoteli wanaowauzia matapeli taarifa za wateja.

*Niliinunua dola 12,000. Niuze kwa ngapi? Msomaji, Igoma*

Kwa atakachotoa mtu. Ziko zinazotangazwa mtandaoni kwa dola 1 na hazipati mtu, kwa sababu anayenunua anabeba na ada ya matunzo ya kila mwaka. Dagaa wa soko la Mwaloni angalau jioni bado ana mnunuzi.

*Mwanangu yuko Uingereza. Juzi akiwa likizo Tenerife amesaini mkataba, wamemwambia ni uwekezaji, atauza kwa faida. Baba, Nyegezi*

Mzee wangu, mpigie leo, usingoje Jumapili. Tenerife ni kisiwa cha Uhispania, kwa hiyo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inampa siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na katika siku hizo ni marufuku kumdai malipo yoyote. Aandike barua, abaki na ushahidi wa kuituma. Sheria hiyohiyo inakataza taimushea kutangazwa kama uwekezaji, kwa hiyo aliyemwambia maneno hayo amevunja sheria mbele yake. Tena inamkataza wakala wa kuuza tena kupokea malipo kabla mauzo hayajafanyika. Mama wa Nyamanoro, na wewe soma hapo.

*Nikiacha tu kulipa ada ya matunzo? Msomaji, Kirumba*

Deni linakua, na kama una mali au jina la kulinda huko nje, litakufuata. Anza kwa kuiandikia hoteli yenyewe uulize kama wanapokea wiki irudishwe. Baadhi wanapokea, hasa usipodaiwa. Kuitoa bure ukaachana na ada ni nafuu kubwa, ingawa najua inauma.

*Kuna mtu anataka tubadilishane: nimpe wiki yangu, anipe kiwanja Luchelele, ziwani kabisa. Dada, Mkolani*

Dada, "ziwani kabisa" ndiyo inayonitia hofu. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 tuliona wote maji yalivyopanda. Nenda na futi kamba upime, kisha fanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja. Akikataa kukupa namba, rudi nyumbani.